Pima Saba za Ukili

Jumamosi iliyopita nilinunua mzigo wa ukindu, majani ya kusukia mikeka, kwa mama mmoja aliyeshuka mjini na gari ya asubuhi kutoka Wingwi. Nilipoufungua ukumbini kwangu, hapa Madungu, nyumba nzima ilijaa harufu ile ya jani lililoanikwa kwenye jua kali lakini bado lina unyevu kidogo karibu na kikonyo. Binti yangu wa mwisho, Raya, mwenye miaka saba, aliziba pua akaniambia nyumba inanuka zizi la mbuzi. Nilikuwa nimeshakaa chini, jani mkononi, nimerudi kuwa na miaka minane, na nimefanya kosa ambalo nitalieleza leo kwa mara ya kwanza, maana wanaolijua wamebaki wawili tu, mimi na Bi Hadia, aliyekuwa jirani yetu.

Nyinyi wa rika langu mliolelewa na bibi zenu mtanielewa upesi. Mama alikuwa na kazi hapa mjini, na mimi alinikabidhi kwa mama yake, Bi Mize, kule Wingwi, nikiwa bado nanyonya kidole. Mama nilimpenda kama mtu anavyompenda mgeni mzuri. Alikuja Alhamisi jioni na mikate miwili ya boflo mkobani, na Jumamosi akaondoka. Bibi ndiye aliyekuwa nyumba. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi, na sikuwahi kumwona amekaa bure. Asubuhi alikuwa kwenye mhogo wake. Adhuhuri alipika. Baada ya hapo, mpaka wakati wa kutawadha kwa sala ya alasiri, alikaa barazani akisuka, miguu ameinyoosha, chane za ukindu zikipita vidoleni bila yeye kuziangalia, huku akiniuliza mambo ya skuli au akimsema mtu apitaye njiani.

Kwa waliozaliwa wakakuta mikeka ya plastiki, nieleze kidogo. Kwanza husukwa ukili, utepe mrefu mwembamba, na ukili huo huviringwa kama gurudumu huku ukiendelea kukua, mpaka utoshe, ndipo ushonwe uwe mkeka. Urefu hupimwa kwa pima, yaani mikono miwili ikinyooshwa, kutoka ncha ya kidole cha huku mpaka ncha ya kidole cha kule. Bibi na Bi Hadia, ambaye wakati ule alikuwa mke mchanga, walipima kazi zao pamoja kila Alhamisi, na kila Alhamisi waligombana kwa sababu mikono ya Bi Hadia ilikuwa mirefu sana.

"Pima yako weye ni pima na robo yangu," bibi alimwambia. "Wanipunja kwa mikono ya baba'ako."

"Basi na weye nyoosha, bibi."

"Nshanyoosha tangu nizaliwe. Hapa ndipo Mungu alipoishia."

Mikeka ya rangi ilikuwa ya maharusi na ya kuuza. Lakini kulikuwa na mkeka mmoja usiotiwa rangi yoyote, mweupe wa ukindu mtupu, na huo mtu mzima anayejijua aliuweka ndani ya sanduku pamoja na sanda, pamba na kafuri, tayari kwa siku atakayolazwa juu yake na kupelekwa nao kaburini. Hakuna aliyewaficha watoto jambo hilo. Bibi alipofungua sanduku kutafuta kanga zetu za sikukuu, mkeka wake ulikuwa pale, umeviringwa na kufungwa kwa uzi, na alinipa niushike kidogo huku akitafuta chini yake. Niliushika kama nilivyoshika ungo au mwiko. Sikuwa na habari nao.

Kaka yake bibi, Babu Faki, alikaa Mgogoni peke yake. Mkewe alishafariki, binti hakujaliwa, na kwa hiyo sanduku lake lilikuwa na kila kitu isipokuwa mkeka. Siku moja bibi aliamka, akautoa wake, akauangalia pande zote mbili na kuniwekea kichwani.

"Twende kwa babu'ako," alisema. "Mie nitasuka mwengine."

Nakumbuka njia yote. Nakumbuka nilivyojivunia kubeba kitu kirefu vile bila kushika kwa mkono, na bibi nyuma yangu akiniambia nisitikise shingo. Tulipofika, Babu Faki alikuwa amekaa kitandani, shati lake jeupe limefungwa vifungo vyote. Aliutandaza mkeka sakafuni, akainama, akapitisha kiganja juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho, taratibu.

"Mashaallah," alisema. "Sasa mie nshatimia. Hapana kitu n'nachokosa."

Kisha akanikatia muwa mrefu kuliko mimi, na tukarudi Wingwi nikiutafuna.

Siku ya tatu yake akaja mtu na habari kwamba Babu Faki amefariki alfajiri.

Watu wazima walilia, walisoma, walipika, wakarudi makwao, na hakuna aliyenikalisha kunieleza lolote. Nilijieleza mwenyewe. Skuli tulikuwa tumefunzwa kujumlisha, nami nilikuwa hodari. Babu Faki bila mkeka alikuwa mzima, anakata muwa. Babu Faki na mkeka alikuwa maiti baada ya siku tatu. Na aliyempelekea mkeka ni nani? Ni mimi, kichwani kwangu, njia nzima, bila hata kupumzika. Kwa wiki mbili sikuweza kula muwa. Bibi alidhani nina minyoo, akaninywesha dawa chungu, nami niliinywa yote kwa sababu niliona nastahili.

Halafu, matanga yalipokwisha na watu wakarudi kwenye shughuli zao, bibi alikaa barazani kwake na fungu jipya la ukindu mweupe.

"Wa nani huu, bibi?"

"Wangu. Si wangu nimempa babu'ako?"

Alisema hivyo, kama mtu anayesema amegawa chumvi na sasa anakwenda dukani. Nilikaa karibu yake alasiri nzima nikivitazama vile vidole. Havikukosea hata mara moja. Kila chane aliyoiingiza niliiona inamsogeza karibu na siku yake, na alikuwa anakwenda mbio kwa sababu bibi yangu alikuwa fundi. Sijawahi kuwachukia mafundi kama nilivyowachukia siku ile.

Siku ya pili yake, alipoingia uani kutawadha, nilichukua kisu kidogo cha kuchania ukindu. Sikugusa mwisho wa ukili, pale alipofikia kusuka, maana pale angeona mara moja. Niliingiza mkono katikati ya gurudumu, kwenye ule mwanzo aliousuka kwanza, nikavuta, nikapima kwa kamba niliyokwisha kuikata sawa na mikono yake, nikakata pima moja. Kisha nikafunga fundo lilelile alilokuwa akilifunga yeye. Kipande nilikipeleka nyuma ya nyumba, kwenye tenga bovu karibu na banda la kuku, nikakifunika majani makavu. Niliporudi alikuwa juu ya msala. Nilimtazama akisujudu na nikasema moyoni, umepata siku nyingine, bibi. Nilifurahi kweli. Nilijiona mtu mkubwa.

Alhamisi walipima. Bi Hadia alishika ncha moja, bibi akanyoosha mikono yake mifupi, wakahesabu mpaka mwisho. Bibi akakunja uso.

"Mie nilisema tisa."

"Ni nane, bibi."

"Basi nimehesabu vibaya. Tupime upya."

Zilikuwa nane. Bibi akacheka, akasema mikono yake sasa inarefuka uzeeni, na maneno yakaishia hapo. Wiki iliyofuata nilikata mbili, moja Jumapili na moja Jumatano, na Alhamisi hiyo bibi hakucheka. Alipima mara tatu. Bi Hadia alitaka kumtania, akamtazama, akaacha.

Sasa nifikie sehemu ninayoionea haya mpaka leo. Mimi nilidhani bibi akikuta ukili umepungua atakasirika au ataona ni panya, au kwa matumaini yangu makubwa atachoka na kuacha. Sikujua kwamba kulikuwa na jambo bibi yangu aliliogopa kuliko kaburi. Mama yake mzazi, katika miaka yake ya mwisho, alipiswa. Akili zilimtoka kidogo kidogo, akaanza kwa kusahau alichokihesabu, akamaliza kwa kuuliza huyu Mize ni mtoto wa nani. Bibi ndiye aliyemlisha na kumwosha, na kila asubuhi alijitambulisha upya. Sikuyajua hayo. Nilichoona ni kwamba bibi alianza kufunga mafundo kwenye pembe ya kanga yake, moja kwa kila pima. Alianza kuniuliza leo siku gani, na nikimjibu huitikia kwa kichwa kwamba naye ndivyo alivyodhani. Alionja mchuzi mara nne asije akatia chumvi mara ya pili. Usiku alisoma sura za Kurani alizozihifadhi chuoni akiwa mtoto, kwa sauti, na akifika mwisho bila kukwama hushusha pumzi.

Mafundo ya kanga yaliniogofya kidogo, kwa sababu yalikuwa ushahidi. Lakini mtoto akishaanza jambo hana breki. Nilikata pima nyingine nne, na kila mara, alipoenda kutawadha na kanga ikabaki kwenye kamba, nilifungua na fundo moja.

Pale ndipo nilipomvunja. Alhamisi ile ukili ulikuwa pima kumi na nne na mafundo yalikuwa kumi na manne, na bibi alikuwa na hakika moyoni kwamba amesuka ishirini na moja. Hakupima tena. Aliukunja ukili wake polepole, akauweka pembeni, akamwambia Bi Hadia kwa sauti ya chini niliyoisikia vizuri sana kutoka mlangoni:

"Hadia, mie naanza kupiswa. Naona naenda njia ya mama."

"Ondoa maneno hayo, bibi."

"Nayaondoaje na mimi nimo ndani yake? Leo ni ukili, kesho ni moto jikoni nimeusahau na mtoto amelala."

Mama alikuja jioni ile na boflo zake, na bibi akamwambia mbele yangu, bila kuzunguka, kwamba anichukue. Alisema ananipenda ndiyo maana hanitaki. Alisema mtu asiyeweza kuhesabu ukili wake hawezi kukabidhiwa mtoto wa mtu. Mama alibisha, akalia, akasema basi nawe njoo mjini, bibi akasema hataki kwenda kusahauliana na watu asiowajua. Ikaamuliwa niondoke na mama Jumamosi.

Ijumaa ilikuwa siku ndefu kuliko zote nilizowahi kuishi. Nikisema, bibi atamaliza mkeka na atakufa. Nisiposema, nitapelekwa mjini na bibi atabaki peke yake akijiona kichaa, na huenda akafa hivyohivyo, bila mtu wa kumwambia leo siku gani. Nilikwenda mara tatu nyuma ya nyumba na mara tatu nikarudi. Mara ya nne nilimsikia bibi ukumbini akikunja nguo zangu. Alikuwa anazihesabu kwa sauti, gauni moja, gauni mbili, na alipofika tano akasita, akaanza tena mwanzo. Sikuweza kuvumilia zaidi ya hapo.

Nililiburuta lile tenga mpaka mbele yake. Sikuwa nimeangalia ndani kwa siku kadhaa, kwa hiyo na mimi nilishtuka nilipoona kuku mweupe amekaa juu ya vipande vyangu, manyoya yamemsimama, macho ya hasira. Alikuwa anaatamia.

"Nini tena hiki?" mama aliuliza.

"Ukili wa bibi," nilisema.

Bibi alimnyanyua kuku kwa mbawa akamkabidhi mama, akayatoa mayai moja moja, akachukua kipande cha kwanza. Alikipuliza kinyesi na manyoya. Hakuhitaji kuniuliza kama ni chake, kwani mkono wake aliujua. Akanyoosha mikono, akapima. Akachukua cha pili. Mama amesimama na kuku kwapani, mimi nimesimama, na bibi anapima kwa sauti mpaka akafika saba.

Alijifunika uso kwa kanga na mabega yakaanza kumtetemeka. Nilidhani nimemuua pale pale, bila mkeka wala nini. Alipoifunua kanga machozi yalikuwa yanamtiririka na alikuwa anacheka.

"Saba," alimwambia mama. "Mwanangu, ni saba. Hesabu yangu ilikuwa sawa. Akili zangu zipo, alhamdulillahi, zipo zote."

Mama alikuwa ameshavua ndara moja mguuni anichape nayo. Bibi akamzuia.

"Ngoja kwanza. Nataka kujua. Weye, kwa nini umenifanyia hivi?"

"Ukimaliza mkeka utakufa."

"Nani kakwambia?"

"Babu Faki. Nilimpelekea mimi, akasema ametimia, akafa."

Kuku alipiga kelele kwapani kwa mama na hakuna aliyemjali. Bibi aliniita nikae kati ya miguu yake, kama anavyonisuka nywele, ili nisimwone uso.

"Babu'ako alikuwa mgonjwa tangu tulipokuwa tunachuma karafuu," alisema. "Mie nilimpelekea nkeka kwa sababu nilimwona anakwenda. Weye hukuua ntu. Wasikia? Ulibeba nkeka tu."

Sijui kama kuna maneno niliyowahi kuambiwa yakanitua mzigo kama yale. Nililia mpaka nikapata kwikwi. Na yeye akaendelea kwa sauti yake ya kawaida ya kusengenya.

"Na ule nkeka wajua niliushona lini? Mama'ako hajaolewa. Umekaa ndani ya sanduku langu miaka kumi na zaidi, nalala nao chumba kimoja. Mbona sikufa? Na kabla yake nilikuwa na mwengine, nikamlaza mama. Na wa kwanza kabisa alipewa jirani aliyefikwa na jambo ghafla, hana kitu. Mie kila nikimaliza, wenzangu wananipita mlangoni."

"Kwa hivyo hutakufa?"

Angeweza kunidanganya. Wengi wangenidanganya, na mimi nikiwa mama nimeshawahi kudanganya kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

"Nitakufa," alisema. "Ila si kwa nkeka. Haya, futa kamasi. Hizi pima saba kuku kashaziharibu, nani atazisuka upya?"

Mama aliondoka Jumamosi bila mimi. Zile pima saba nilizisuka mwenyewe, alasiri baada ya alasiri, bibi akinishika vidole. Ukili wangu ulikuwa mpana hapa na mwembamba pale, na Bi Hadia alisema ng'ombe angesuka vizuri zaidi akipewa muda. Bibi aliushona vivyo hivyo katikati ya mkeka wake. Vile vipande vya tenga navyo havikutupwa. Alivisugua kwa sabuni, akavianika, akanishonea msala wangu mdogo, ambao kwa miaka mingi ulikuwa na doa moja la kuku lisilotoka.

Siku mkeka ulipokwisha nilikuwa nimejifunza yote aliyonieleza na bado niliogopa. Bibi alijua. Asubuhi ya kwanza yake alikuja kitandani kwangu, akanigusa mguu.

"Bado nipo," alisema.

Asubuhi ya pili alisema hivyo hivyo. Ya tatu, ile niliyoiogopa zaidi, alisema na akaongeza kwamba kama nataka kuhakikisha niende nikateke maji naye. Kila siku alinigusa mguu, bado nipo, mpaka ikafika asubuhi moja niliyoamka na njaa nikakimbilia jikoni kutafuta kiporo bila kungoja, na nyuma nikamsikia anacheka peke yake.

Mkeka ule wenye pima zangu mbovu haukukaa mwaka. Mume wa Bi Hadia alianguka kwenye mkarafuu, na bibi akafungua sanduku bila kuulizwa. Kwa ubinafsi wa kitoto niliona uchungu kwamba kazi yangu inakwenda chini ya udongo na haitaonekana tena na mtu yeyote. Bibi alisema yeye ameiona na inatosha. Wiki mbili baadaye alikuwa barazani na ukindu mpya. Alisuka mikeka mingine, sikumbuki mingapi, na yote aliitoa. Juu ya mmoja alilazwa mama yangu, binti yake mwenyewe, na siku hiyo bibi hakuwa na utani hata kidogo. Alikaa siku nyingi mikono imelala mapajani. Kisha siku moja nilikwenda Wingwi nikamkuta anaanika ukindu, na nilijificha nyuma ya mlango nikalia kwa furaha.

Bibi aliishi mpaka watoto wangu wakubwa wakamchosha kwa maswali. Alifariki masika yaliyopita, baada ya alfajiri, akili zake zote zipo. Tulipofungua sanduku tulikuta sanda, pamba na kafuri. Mkeka haukuwapo. Alikuwa ameutoa mwezi mmoja kabla kwa mama mmoja aliyefia uzazini, ambaye hakuna aliyetegemea kwamba angeuhitaji. Barazani kulikuwa na gurudumu la ukili mweupe, halijafika nusu. Wanawake tulitazamana. Mtu aliyewalaza nusu ya kijiji hakuwa na pa kulazwa.

Bi Hadia, ambaye sasa naye ni bibi, alisimama akatoka. Alirudi na mkeka wake mwenyewe kichwani.

"Mikono yangu mirefu," alisema. "Nitasuka mwengine upesi."

Sote tulijua macho ya Bi Hadia hayaoni chane tena. Nilimsaidia kuutandaza. Ulikuwa mzuri, ulioshonwa kwa mkono wa mtu mvumilivu, na bibi yangu alionekana mdogo sana juu yake.

Ule ukili ambao haukufika nusu niliuchukua mimi. Nilipoupima, zilikuwa pima kumi na mbili, kwa mikono yangu, ambayo ni mifupi kama ya bibi. Ndio kazi yangu ya alasiri sasa, hapa Madungu, nikitoka kazini. Ukindu wa bibi umeshageuka rangi ya chai, na huu nilionunua Jumamosi ni mweupe, na mahali nilipounga panaonekana wazi. Sikujaribu kupaficha. Msala wangu wa utotoni nao nimeuunga mara nyingi, sehemu ya magoti na ya paji la uso, na doa la kuku limekwenda zamani na kipande chake. Bado nasema ni uleule. Raya anasema si uleule.

Jumanne aliniuliza ukili huu ni wa nini. Nilimweleza kweli, kwa maneno machache: ni mkeka wa Bi Hadia, tunamrudishia wake aliotupa, auweke kwa siku yake. Raya anampenda Bi Hadia kupita kiasi. Kila tukienda Wingwi hutoka kule mfuko wa gauni umejaa visheti vya sukari. Alisikiliza, akauliza siku yake ni lini, nikamwambia hakuna ajuaye, akaenda kucheza.

Jana nilipima. Nilikuwa nimeacha pima kumi na tano. Zilikuwa kumi na nne.

Nilipima upya. Kisha nikaingia chumbani kwa Raya, nikafungua mkoba wake wa skuli, na kati ya daftari la hesabu na la dini nikakuta kipande kimekunjwa kwa uangalifu mkubwa. Kilikuwa cha rangi ya chai, kimekatwa kutoka mwanzo kabisa, mkono wa bibi mtupu. Nilikinusa. Kisha nikakirudisha palepale, nikafunga zipu. Nitazungumza naye Ijumaa, nitamkalisha kati ya miguu yangu. Yeye hajabeba mkeka wa mtu kichwani kama mimi, na sitamwacha ahesabu peke yake.

Lakini kwanza nilimpigia simu Bi Hadia, maana mwenye mkeka ana haki ya kujua.

"Bi Hadia, shikamoo. Mkeka wako utachelewa kidogo. Kuna mtu hapa ndani anakata ukili."

Nilimsikia anacheka, kile kicheko cha mke mchanga aliyekuwa akigombana na bibi kwa urefu wa mikono.

"Kashakata ngapi?"

"Moja."

"Mwambie aendelee," alisema Bi Hadia. "Mie sina haraka."